Mavyaa mwalimu kastaafu, hatulii nyumbani

Barua ya wiki hii imetoka Fuoni, nimeifupisha maana ilikuwa ndefu, mengine aliyoyaandika mtayakuta kwenye jawabu langu:

"Assalaam alaikum Bi Somo. Mie ni mama wa watoto wanne, nafanya kazi ofisini mjini. Mavyaa wangu ana miaka 72, mwalimu mstaafu, alisomesha jiografia skuli za Pemba na baadae huku Unguja. Bavyaa alipofariki tulimchukua tukakaa nae, hana neno, lakini miaka hii ya karibuni kapata wazimu wa safari. Kenda Kilwa, kenda Lamu, juzi kapanda treni ile mpya hadi Dodoma akaunga na ile ya zamani hadi Kigoma, sasa anasema anataka Ngazidja, kule Komoro. Mjane mtu mzima peke yake njiani bila maharimu wa kumsindikiza, watu wananiuliza. Watoto hawana wa kuwaamsha, mie narudi saa kumi. Nikimwambia mume wangu anajibu tu 'muache mama'. Sebuleni katundika ramani kubwa, kaujaza ukuta pini na rangi tumepaka juzi tu. Sisemi kwa ajili ya pesa, pensheni ni yake na kiinua mgongo kilishakwisha zamani, kilisaidia kidogo kwenye mabati. Nisaidie namna ya kumtuliza."

Waalaikum salaam mwanangu. Pole. Watoto wanne, kazi ya ofisini na daladala za asubuhi si mchezo, kuchoka kwako nakuamini. Hayo mengine ndo yananipa tabu kuyaamini.

Maana barua yako nimeisoma nikairudia, nikaona imeanza na usalama wa mzee wa watu ikaishia kwenye saa yako ya kutoka kazini. Ungekuwa unamuogopea kweli ungeniuliza habari ya presha yake, dawa anabeba vipi, akifika huko anapokewa na nani. Hukuuliza hata moja. Ulichouliza ni nani ataamsha watoto. Sasa hapo mie nifahamu nini?

Tuje kwenye hayo mabati. Mwalimu wa serikali anafika miaka 60 anapewa kiinua mgongo chake, na kwa wengi wao hizo ndo pesa kubwa za mwanzo na za mwisho kuzishika mkononi maisha yao yote. Wenziwe wengine walifungulia duka likafa, wengine walioa mke wa pili zikaishia huko. Huyu kawaezekea nyinyi. Na wewe umeandika "kidogo". Nambie basi, masika yakipiga hapo Fuoni, maji yanakuingia kidogo?

Na hilo la maharimu nilicheka peke yangu jikoni. Swala la dini kuna masheikh, kawaulize wao, mie si mwanachuoni na sitoi fatwa gazetini. Lakini kule chini umeandika mwenyewe kwamba mtoto wako wa tatu alipozaliwa mavyaa alikuwa kenda zake Pemba, mkampigia simu, akapanda boti Mkoani na beseni lake la vikorombwezo vya uzazi akaja kukuuguza arubaini nzima. Alikuja na nani? Peke yake! Siku ile maharimu hukumuuliza, ulimuuliza kama kachukua pilipili manga. Alipokuja kukukanda ilikuwa halali, anapokwenda kuitizama Lamu imekuwa aibu. Na hao "watu" wanaokuuliza ni kina nani khasa, wana majina? Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, yeye kaikaa akaimaliza ndani na heshima zake, baada ya hapo hakuna kitabu kilichosema ageuke kufuli la mlango wa mwanawe.

Sasa mie nikwambie habari ya mavyaa wako, maana naona unaishi nae humjui.

Kama ana miaka 72 basi Mapinduzi ya 1964 yalimkuta mtoto wa miaka kumi hivi. Tarehe 23 Septemba mwaka ule ule Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo, na watoto wa kike wa mashamba huko Pemba ambao wangemalizia umri wao jamvini wanachambua karafuu, wakakamata daftari. Kizazi hicho ndicho kilichotoka kikaja kutusomesha sisi wengine. Na walisomesha kwa nini? Kwa chaki na sauti. Sie tuliopita skuli zile tunajua, ramani hakuna, mwalimu anageukia ubao anachora Afrika nzima kwa mkono, anaanzia pembe ya Somalia anateremka nayo hadi Rasi, anarudi upande wa pili, halafu anatia maziwa, Ziwa Tanganyika anakuwekea refu jembamba kama bamia, anakwambia hili kina chake mita 1,470, la pili kwa kina duniani, andikeni. Na watoto tunaandika. Mwenyewe hajawahi kuliona. Mshahara wa mwalimu ulikuwa wa kufika Kigoma ule? Kuna ndugu zake wadogo wa kusomeshwa, kuna mume, na umesema mwenyewe bavyaa aliugua muda mrefu na yeye ndie aliekuwa akimgeuza kitandani. Miaka thelathini na kitu anasomesha ziwa asilolijua, leo hatimae kenda akatia mguu majini Kigoma, wewe unaniandikia eti wazimu.

Kenda na Kilwa. Mashaallah. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa 1331 akausifia ule mji, magofu yake yapo mpaka leo, Husuni Kubwa ipo, msikiti mkuu upo na kuba zake, na toka Dar unapanda basi asubuhi jioni uko Kilwa Masoko, chombo kidogo tu kinakuvusha Kisiwani. Sisi wa mjini hatwendi. Sie tunakwenda Dubai kununua mapazia.

Halafu ukasema safari zinamtoa kwenye familia. Hapa ndo ulipojikamata mwenyewe mwanangu, maana umeandika, tena kwa hasira, kwamba kila akirudi anawakusanya watoto mbele ya ile ramani, kila mmoja anampa pini, mtoto mwenyewe ndie anaechoma pale bibi alipofika, kisha wanafuata njia kwa kidole, boti mpaka Dar, basi mpaka Tanga, Mombasa, basi jengine mpaka Mokowe, chombo tena ndo Lamu yenyewe, mpaka saa nne ya usiku hawajalala. Na yule wako wa darasa la kwanza akimuuliza "bibi huko punda wanalala wapi?" anajibiwa. Mtu anaeikimbia familia hafanyi hivyo. Anaeikimbia familia anafunga mlango anaangalia tamthilia ya Kituruki. Skuli wanamlipia mwalimu wa tuisheni watoto wa watu, wako wanaipata bure sebuleni na wewe unalia tundu za pini.

Eti pia analala kwa watu msiowajua. Nyinyi hamuwajui, yeye anawajua, kawapiga bakora hao. Mwalimu aliesomesha umri wote ule hana mji wa kukosa pa kulala, hapa kuna mwanafunzi wake anafanya kazi bandarini, pale kuna mwengine kaolewa, na mswahili akiambiwa "mwalimu wangu anakuja" anachinja kuku.

Hapo pa meli sikucheki hata kidogo. Umetaja Spice Islander na Skagit, meli zetu mbili zilizozama na watu. Ile ya mwanzo tarehe 10 Septemba 2011, ya pili Julai 2012, hata mwaka haujapita, na kwetu sisi tuliotoka Pemba kila mtu ana wa kumlilia. Lakini huyo ni mwalimu wa jiografia, kusi na kaskazi anazijua kuliko mie na wewe, na umesema mwenyewe Lamu aliikhirisha mpaka bahari ilipotulia. Ngazidja kuna ndege kutoka Dar. Kama khofu yako ni bahari basi mchangieni tiketi, mwambie "mama wewe panda ndege". Nitaamini ni khofu.

Na hapa niseme na wengine pia, maana barua za namna hii nazipata kila siku, za mavyaa na za mama mzazi sawa sawa. Ndoa za siku hizi zimekaa vibaya. Mnapanga henna, mnapanga ukumbi, mnapanga rangi za nguo za mashoga, mnapanga kochi na pazia, hamupangi mtoto atalelewa na nani. Mume kazini mke kazini, sina ugomvi na hilo, mie mwenyewe nimefanya kazi. Lakini mtoto akizaliwa ndo mnakumbuka kuna bibi. Bibi analetwa na begi lake anaambiwa "mama kaa nasi upumzike", mapumziko yenyewe yanaanza saa kumi na moja alfajiri, kuamsha huyu, kuosha yule, chai, chuoni, skuli, kurudi, chakula, mpaka Isha. Mtumishi mnamlipa na Ijumaa anapumzika. Bibi halipwi na Ijumaa ndo mnaleta na wageni.

Mtaniambia mabibi wa zamani wakilea wajukuu. Ni kweli wakilea. Lakini wakilea na nani? Bibi wa zamani ana baraza, ana wenziwe wanasuka ukili, ana shangazi nyumba ya pili, mtoto akilia kuna mikono mitano ya kumbeba, na yeye akitaka kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa anajifunga kanga yake anakwenda hamuulizi mtu. Huyu wenu mumemuweka ndani ya ukuta wa matofali na geti la chuma, jirani hamjui jina, kutwa yeye na televisheni na watoto wanne. Mie ningekuwa yeye ningetoroka zamani.

Mume wako nae asidhani kasalimika. "Muache mama" ni jawabu nzuri na kwa hilo namuunga mkono, lakini ni jawabu ya mtu aliekaa kitandani. Amuache mama halafu nani anawaamsha watoto, wewe? Aamke yeye. Watoto wanne ni wake pia, kuchemsha maji ya chai hakumpunguzii uanaume. Nina yakini ugomvi wako wa kweli ni na yeye, ila mavyaa ndo mrahisi kumnunia. Na umekiri ulimnunia siku mbili aliporudi Kigoma, hukumuuliza hata "mama umeona nini huko". Ndo maana safari ya Dodoma uliijua kwa kuona picha ya treni kwenye statasi yake ya wasapu. Hapo pekee ndo nakupa haki, mtu mzima haondoki nyumbani bila kuaga. Lakini aage aje kununiwa?

Basi fanyeni hivi. Mtafuteni mtumishi wa asubuhi, hata wa saa chache, mumeo alipe nusu na wewe nusu, mavyaa asitoe hata senti tano. Kisha mkae nae, si kumsomea mashtaka, mwambie tu "mama mwezi wa mitihani ya watoto nakuomba uwepo, miezi mengine tupe khabari mapema". Mwalimu huyo, mitihani anaijua, hatokataa. Dawa zake za presha zitiwe kwenye mkoba wa mkononi zisitiwe kwenye begi kubwa, na idadi izidi siku za safari. Namba ya mwenyeji wake aiandike karatasi aibandike hapo hapo kwenye ramani. Akirudi, mpikie. Usisubiri yeye ndo aingie jikoni na vumbi la safari miguuni.

Na lile la pasi ya kusafiria, nimeliona, uliliandika mwisho kwa herufi ndogo ndogo. Pasi yake imemaliza muda, kakuomba umsaidie fomu kwa sababu siku hizi inajazwa mtandaoni na macho yake hayawezi tena maandishi ya simu, nawe ukamwambia mtandao unasumbua. Mtandao haukusumbua, maana barua hii umeniletea kwa mtandao huo huo. Jumamosi hii mkalishe hapo mezani, mshikie simu, mjaze pamoja, cheti chake cha kuzaliwa na picha uziweke tayari kabla. Ada ni shilingi 150,000. Mwambie mumeo atoe.