Tiketi ya kibao cha Simama: askari aliona magurudumu au pua ya gari tu?

SWALI: Nimeandikiwa tiketi hapa California kwamba sikusimama kwenye kibao cha Simama. Nilisimama kabisa kwenye mstari, nikasogea ili nichungulie, ndipo nikakata kona. Askari alikuwa ameegesha barabara ya pembeni. Tiketi nimeitia saini; je, nimeshakiri kosa? Na naweza kuipinga bila kufika mahakamani? Kazini sipati ruhusa.

JIBU: Hujakiri chochote. Saini ile ni ahadi kwamba utaishughulikia kesi ifikapo tarehe iliyoandikwa chini ya tiketi. Tarehe hiyo usiipitishe kabisa, maana kuipuuza ni kosa jingine, zito kuliko la kwanza.

Kwa kawaida kosa hili huandikwa kwa kifungu cha 22450 cha Sheria ya Magari ya California. Kinataka usimame kwenye mstari. Pasipo mstari, kabla ya kuingia kivuko cha waenda kwa miguu. Pasipo vyote viwili, pale unapoanza kuingia barabara unayokutana nayo. Zile sekunde tatu ambazo watu husema lazima usimame hazimo katika sheria. Magurudumu yakitulia tuli, umesimama.

Sasa tazama alipokuwa askari. Makutano mengi yana ua au magari yaliyoegeshwa yanayoficha mstari. Dereva husimama pale, haoni kinachokuja, anasogea taratibu. Aliye barabara ya pembeni huona pua ya gari ikitokeza huku inatembea, naye anaamini kwa dhati kwamba halikusimama. Huna haja ya kumwita mwongo. Onyesha kwamba hakuweza kuona. Rudi pale saa ileile, fika alipoegesha, piga picha kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi garini. Mstari usipoonekana kwenye picha hiyo, una hoja. Ongeza picha ya mstari wenyewe na mchoro unaoonyesha gari lako, gari lake na kilichoziba. Fanya hivyo mapema, kabla ua haujapunguzwa.

Kupinga kwa maandishi kunaruhusiwa. Jaza fomu TR-205, ambatisha picha, na ulipe dhamana yote, yaani kiasi cha faini unachoweka mahakamani, kabla ya tarehe ile ya kwenye tiketi; ukishinda unarudishiwa. Askari naye hutakiwa kuleta maelezo yake, na asipoyaleta kesi mara nyingi hufutwa. Ukishindwa, una siku 20 tangu uamuzi ulipotumwa kwa posta kuomba, kwa fomu TR-220, kesi isikilizwe upya mahakamani, kana kwamba ya kwanza haikuwepo. Huko mkalimani wa Kiswahili ni bure, ila mwombe mapema.

Katika maelezo yako, chunga maneno. Ukiandika "nilipunguza mwendo karibu kusimama", umejifunga mwenyewe. "Hapakuwa na gari jingine" nayo haikusaidii, kwani sheria inataka usimame hata barabara ikiwa tupu.

Kabla ya kutuma, pima jambo moja. Kosa hili huingiza pointi 1, yaani alama ya kosa, kwenye rekodi yako ya udereva. Ukilipa faini na kusoma shule ya makosa ya barabarani, nafasi inayopatikana mara moja katika miezi 18, pointi hiyo hufichwa kwa kampuni ya bima. Ukipinga na kushindwa, kupewa shule hiyo kunabaki kwa hiari ya hakimu. Kwa hiyo picha yako ikionyesha mstari wazi kutoka alipokuwa askari, tunakushauri uchague shule.