Chembe nyeupe zilikuwa chini, tukarudi nyumbani

Karatasi ya maabara ya mamangu mkubwa, aliyekuwa na homa, ilisema chembe nyeupe za damu ni 3,100, nasi tukashusha pumzi. Aliyetuhudumia kwenye zahanati moja huku Likoni alitueleza kwamba maambukizi hupandisha chembe nyeupe, na zake zimeshuka, basi hana bakteria. Malaria haikuonekana. Tukapewa dawa za kutuliza homa.

Usiku mamangu mkubwa, mwenye kisukari cha miaka mingi, akaanza kuniita kwa jina la marehemu mamake. Alikuwa akihema mbiombio, mikono baridi, na tangu alasiri hakuwa amekwenda haja ndogo. Tulivuka feri saa nane za usiku. Daktari wa ng'ambo alisoma karatasi ile ile, na tarakimu iliyotutuliza sisi ndiyo iliyomshtua yeye.

Chembe nyeupe za mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila mikrolita ya damu. Bakteria wakiingia kwenye damu, mara nyingi chembe hizo hupanda kweli. Lakini maambukizi yakishakuwa makali, chembe huhama kutoka kwenye damu zikaingia kwenye viungo vilivyoshambuliwa, na uboho wa mifupa, unaozitengeneza, ukashindwa kufidia. Kwa hiyo mgonjwa mwenye homa na chembe chini ya 4,000 ni wa kuogopewa sawa na mwenye zaidi ya 12,000.

Usiishie kwenye jumla. Uliza nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, ni ngapi, na kama zipo changa. Changa zikizidi asilimia 10, ujue uboho umeanza kutoa hata zisizokomaa. Mashine ndogo nyingi haziwezi kuzitambua. Inabidi mtu wa maabara atandaze tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Omba afanye hivyo. Tazama pia chembe sahani, zile za kugandisha damu, ambazo kwa kawaida hazipungui 150,000. Za mamangu mkubwa zilikuwa 92,000, na zahanatini hakuna aliyezitaja.

Hapa kwetu Mombasa kuna jambo linalochanganya. Homa ya dengi, iliyotusumbua mwaka 2013 na tena 2017, nayo hushusha chembe nyeupe na chembe sahani pamoja. Malaria hushusha sahani. Homa ya matumbo, ambayo ni bakteria hasa ndani ya damu, mara nyingi huacha chembe nyeupe kawaida au chini kidogo. Kwa upande wa pili, ujauzito na dawa za steroidi wanazopewa watu wa pumu hupandisha chembe nyeupe bila maambukizi yoyote. Kwa hiyo hesabu humwonyesha daktari pa kutafuta. Bakteria mwenyewe haimtaji.

Kinachomtaja ni kipimo cha kuotesha damu, yaani damu hutiwa kwenye chupa zenye chakula cha bakteria ili waliomo waote na kutambulika. Kwa mtu mzima huchukuliwa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na vizuri kutoka sehemu mbili za mwili. Binamu yangu alilalamika kwamba mgonjwa anamalizwa damu. Nilimwelewa, ila bakteria ndani ya damu huwa wachache mno, pengine hata mmoja asipatikane katika mililita nzima. Damu kidogo huwakosa. Damu hiyo itolewe kabla ya antibayotiki, kisha dawa zianze pale pale, maana majibu huchukua siku kadhaa na mgonjwa wa namna hii hana siku kadhaa. Kama ulishanunua vidonge dukani, sema ukweli, kwani huweza kuzuia bakteria kuota.

Kwa mamangu mkubwa walioota ni Escherichia coli, bakteria wanaoishi utumboni, waliopanda kutoka kwenye njia ya mkojo.

Siku ya tatu ya matibabu chembe nyeupe zikafika 14,200. Khalati wangu mwingine, ndugu ya mamangu, akalia, akidhani ugonjwa umezidi. Daktari akamketisha akamwonyesha karatasi zote kwa mpangilio: pumzi zimetulia, mkojo unatoka, sahani zimeanza kupanda, na uboho uliokuwa umelemewa sasa unatoa chembe. Karatasi hizo ninazo hadi leo kwenye bahasha, pamoja na ile ya kwanza ya zahanati. Kila tunapompeleka kliniki ya sukari, naibeba bahasha nzima.