KIA mpaka Dar ni saa moja angani, ila wewe panga masaa matano

Ukiuliza simu umbali wa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) mpaka Dar inakuletea kama kilomita 450 za angani, na saa moja na dakika kadhaa za kuruka. Ni kweli kabisa. Ila usipange siku yako kwa hiyo namba peke yake, mimi nilipanga nikaumia.

Nilikua nampeleka mama kliniki Dar, miadi saa nane mchana. Ndege saa nne asubuhi, nikapiga hesabu saa tano na kitu tushatua, muda upo wa kutosha. Tukatoka Sakina, Arusha, saa moja na nusu, foleni ya Tengeru, malori, tukafika KIA saa tatu inakaribia. Mlinzi akaangalia tiketi mara mbili, akasema taratibu, "Shikamoo mama. Ndege yenu haipo huku, hii ni ya Kisongo." Yaani tiketi imeandikwa ARK na mimi kichwani nikisikia ndege ya Arusha najua ni KIA tu, kumbe Kisongo, ule uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, ilikua jirani na nyumbani na sasa tumeiacha nyuma zaidi ya kilomita 50. Mama alikua amekumbatia bahasha ya vipimo, hakusema neno. Miadi ikapotea, tukasubiri wiki tatu nyingine na maumivu yake yale yale, hiyo iliniuma sana.

Kwa hiyo kabla hujalipa soma herufi tatu: ARK ni Kisongo, JRO ni KIA. Halafu angalia na aina ya ndege, maana umbali ni ule ule ila ATR inatembea kama kilomita 510 kwa saa na Dash 8-400 inafika kama 660, na wewe una miadi.

Hesabu yangu siku hizi naanzia mlangoni kwangu. Mjini mpaka KIA naweka saa moja na nusu hata kama barabara ni nyeupe (wa Moshi nyie mnapumua kidogo, ila msilale), uwanjani masaa mawili kabla, kuruka saa moja na kitu, kusubiri begi, halafu Barabara ya Nyerere na foleni zake. Hayo ni masaa matano mpaka sita. Bado inalipa, kwa basi Arusha-Dar ni kama kilomita 640 na siku nzima inaishia barabarani, mgonjwa atafika hoi. Ila miadi ya mchana ukaruka saa nne, hapana, chukua ndege ya asubuhi kabisa au nenda siku moja kabla ulale kwa ndugu.

Mara ya pili tulienda siku moja kabla. Nilimwombea mama dirisha la kushoto, maana ukitoka KIA kwenda Dar Mlima Kilimanjaro unakua upande huo. Akaweka kidole kwenye kioo akaniuliza ile nyeupe pale juu ni barafu au wingu.