Fundi vigae kakosea bafu: hela iliyobaki umpe au usimpe?

Dada wa Njiro, pole sana. Umesema mlipatana ufundi laki tatu na nusu, ukatanguliza laki mbili, na sasa maji yanatuama kwenye kona ya bafu na mistari ya vigae imepinda.

Usimnyime yote. Kijana wa kumsaidia fundi amebeba mchanga na kukoroga zege. Hana kosa, na hela yake hutoka humohumo.

Mwite fundi, mwagilia ndoo ya maji mbele yake, mwone wote yanakoelekea. Kisha gonga kigae kimoja kimoja kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu kina uwazi chini: huenda aliweka saruji katikati tu, pembe akaziacha. Hicho ni rahisi kupasuka. Mteremko na vigae hivyo lazima arudie, na saruji ya kurudia ni juu yake. Mistari kupinda kidogo ni suala la macho tu. Mpunguzie kidogo au samehe, hasa kama vigae ulivyonunua havikulingana ukubwa.

Akirekebisha, mpe laki na nusu yake yote siku hiyohiyo, tafadhali. Akigoma, tafuta fundi mwingine akadirie marekebisho, kata kiasi hicho, kinachobaki mkabidhi mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Muandikishane na wote mtie sahihi. Ujumbe wa malipo ya simu usiufute.