Ukifika Roma, tenga siku ya makaburi ya Waetruski

Jamani mkija Roma msiishie kupiga selfi Colosseum mkarudi nyumbani. Ukiwa na siku ya ziada panda treni uende kaskazini, bado uko mkoa uleule wa Lazio, ukaone makaburi ya Waetruski, wale waliokuwa na miji yao mikubwa huku kabla Warumi hawajawameza. Mimi mgeni akinijia nampeleka, na lazima tuanze na mji wa Cerveteri, mji wa Tarquinia baadaye.

Sababu ni kwamba nyumba zao walijenga zaidi kwa mbao na udongo, zimekwisha zote, ila makaburi walichonga kwenye mwamba ndo maana yapo. Pale Banditaccia, eneo la makaburi la Cerveteri, unatembea kwenye mitaa kabisa, chini kuna michirizi ya magurudumu ya mikokoteni, pembeni vilima vya duara vimeota nyasi, ukishuka ndani unakuta vyumba, milango, vitanda vya mawe, hadi dari imechongwa kama ina maboriti. Yaani hapo ndo unaelewa walikuwa wanaishi vipi. Usitoke bila kuona Tomba dei Rilievi, yaani Kaburi la Michongo, la karne ya 4 KK, kuta na nguzo zimejaa vyombo vya nyumbani vya plasta, visu, kamba, masufuria, na mito ya kulalia ina wekundu mpaka leo. Unachungulia kupitia kioo tu, sasa usiwe na haraka, macho yakizoea giza ndo vitu vinaanza kuonekana kimoja kimoja.

Tarquinia ipe siku yake, ukitaka kubana zote mbili pamoja utashinda vituoni unasubiri usafiri, maana stesheni zote ziko mbali na mji na lazima uunganishe basi, na Jumapili mabasi ni machache. Huko Monterozzi, eneo la makaburi la Tarquinia, kuna makaburi kama 6,000, yenye michoro kama 200, yanayofunguliwa ni machache ila yanatosha. Unashuka ngazi, unabonyeza swichi, taa inawaka nyuma ya kioo. Kwenye kaburi la Chui kuna karamu, wanaume kwa wanawake wamejiegemeza pamoja wanakula, jamaa mmoja kashika yai (Wagiriki hiyo ya wanawake kula na wanaume iliwakera kweli, waliandika mabaya mengi). La Uwindaji na Uvuvi lina kijana anajirusha baharini kutoka kwenye jabali, mimi ndo nalipenda kuliko yote. Makumbusho ya mjini nenda mwishoni, kwa ajili ya farasi wenye mabawa.

Vitu vya Kirumi huku kiukweli si vya kukufungisha safari, labda mji wa Sutri kama una gari, uwanja mzima wa michezo umechongwa kwenye mwamba. Jumatatu sehemu nyingi zinafungwa, angalia kabla hujakata tiketi, na kiangazi fika asubuhi na maji yako, Monterozzi kivuli hakuna.