Mtoto Akianza Kujikwaa Katikati ya Kemo

Mpwa wangu alipoanza kutibiwa kwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa ajili ya limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi, hapa Kisumu, uvimbe wa taya ulinywea upesi hata majirani wakashangaa. Kisha akaanza kujikwaa. Nyanya yake akasema ni kulala sana wodini. Shangazi mwingine akasema anadeka. Kumbe ni dawa.

Inaitwa vinkristini. Hunasa tubulini, protini inayojenga mikrotubuli, yaani mirija ya kiunzi cha seli yenye upana wa nanomita 25 hivi. Seli inapojigawa, mirija hiyo ndiyo huvuta kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba, huku na huku. Ikivurugwa, seli hukwama na kufa. Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, seli zake zikiweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo huumia vibaya.

Ila neva nazo, ingawa hazijigawi, zinaitegemea mirija hiyo hiyo. Kwao ni reli ya kupeleka protini mpaka ncha ya mwisho. Neva za mguu ndizo ndefu kuliko zote, basi shida huanzia huko.

Nilichojizoesha ni hiki: kabla ya kila sindano, namwambia atembee kwa visigino koridoni. Akishindwa, au akiburuta vidole, daktari anaambiwa kabla dripu haijafunguliwa, kwa sababu dozi inaweza kupunguzwa. Ganzi, vidole kuchoma na taya kuuma pia visemwe.

Na choo! Watu huona haya kulitaja hili, lakini utumbo nao unaendeshwa na neva, na kukosa choo kunaweza kuwa hatari. Usisubiri tumbo livimbe, wala usimpe mitishamba au enema nyumbani.

Akiandikiwa dawa ya fangasi kwingine, hasa itrakonazoli, uliza kwanza. Huzuia ini kuvunja vinkristini, sumu ikazidi.

Mtu ataongeza kwamba dawa hii hutoka kwenye yale maua ya pinki ya bustanini yaitwayo vinka, yenye petali tano. Ni kweli, lakini usichemshe majani yake. Yana sumu, na kipimo chake hakuna anayekijua jikoni.

Usimwachishe kliniki kwa sababu ya miguu. Wetu alipunguziwa dozi, nguvu zikarudi polepole, kwa miezi. Shuleni tulimwomba mwalimu asimkimbize kwanza, na tukamnunulia viatu vya kufunga badala ya malapa.