Kidonda cha mdomoni: hesabu siku, maumivu yanadanganya

Mtu akitokwa na kidonda mdomoni hukimbilia duka la dawa siku ya pili, anarudi na antibayotiki, siku ya kumi amepona, sifa zote anazipata dawa. Haikufanya lolote. Kidonda cha kawaida, kile cha mviringo chenye katikati nyeupe au manjano na ukingo mwekundu, kisichofika milimita 10, hupona chenyewe kati ya siku 7 na 14. Hakiambukizi, na antibayotiki haina cha kuua pale.

Kinachowapotosha wengi ni maumivu. Kidonda kinachokunyima kula mara nyingi si cha hatari, ilhali saratani ya kinywa mara nyingi huanza kimyakimya. Kwa hiyo andika tarehe kilipoanza. Kikipita wiki 3 bila kupona, nenda kwa daktari wa meno (naam, wa meno, kinywa chote ni chake), hata kama hakiumi. Na usisubiri wiki hizo ikiwa ukingo wake ni mgumu ukiugusa, kinavuja damu ovyo, kuna baka jeupe au jekundu lisilofutika, mdomo una ganzi, jino limelegea bila sababu, au kuna uvimbe shingoni. Daktari akitilia shaka atakata kinyama kidogo kikapimwe maabara. Anayekupa dawa ya kupaka kwa mara ya tatu bila hata kumulika mdomoni anakupotezea muda, mwache.

Mahali kilipo nako kunasema mengi. Vidonda vya kawaida hupenda sehemu laini: ndani ya midomo, mashavuni, chini ya ulimi. Vikianza kama malengelenge madogo kwenye fizi au kaakaa gumu, kuna uwezekano ni herpesi (ugonjwa wa virusi), na dawa ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe, inaweza kuizidisha. Kinachorudi palepale kila mara, tafuta jino lenye ncha au meno bandia yanayokwaruza. Hapo tiba ni kulainisha ile ncha.

Nyumbani, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu inatosha kusukutua na kutema. Klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua vijidudu, ya asilimia 0.2 ni mililita 10 kwa dakika 1, mara 2 kwa siku. Usiitumie ukitoka tu kupiga mswaki, kwa kuwa dawa ya meno huipunguzia nguvu. Acha ipite nusu saa. Ikitumika kwa muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Dawa nzito ya kubandika yenye triamsinoloni (aina ya steroidi) huwekwa usiku: kausha kidonda kwa pamba, gusisha kidogo, usisugue, maana ukisugua inakuwa chengachenga na haishiki. Kidonge cha aspirini juu ya kidonda ni kujiunguza tu.

Vikirudi kila mwezi, omba vipimo vya damu: wingi wa chembe za damu, feritini (akiba ya madini ya chuma), vitamini B12, foleti (vitamini B9), pamoja na VVU. Upungufu wa madini ya chuma peke yake unaweza kuvileta. Mwambie daktari pia kama una vidonda sehemu za siri, macho mekundu yanayouma, au kuhara kusikoisha. Watu huona haya kuyataja, na hayo ndiyo yanayobadilisha uchunguzi wote.

Beba pia dawa zote unazotumia, na boksi zake. Anayetumia methotrexate (dawa ya baridi yabisi na baadhi ya saratani) akipata vidonda ampigie daktari siku hiyohiyo. Kosa linalojulikana sana ni kumeza kila siku dozi iliyokusudiwa mara moja kwa wiki. Anayetumia carbimazole (dawa ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi) akapata vidonda pamoja na homa au koo kuuma apimwe damu upesi, kwani chembe nyeupe huenda zimeshuka. Na vidonda vinavyokuja na upele au ngozi kubanduka baada ya kuanza dawa mpya, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.